Kofia Mezani, Karatasi Bado: Vyuo vya Marekani Vinapomgombea Kijana wa Kilo 140

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Mei hivi mpaka Desemba, video ya aina ileile huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Kijana wa miaka 17, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, mwili wa kuinamia mlango, kaketi nyuma ya meza kwenye ukumbi wa shule yake. Mezani zimepangwa kofia tatu au nne, kila moja na nembo ya chuo kikuu. Mama yuko kulia, baba kushoto, wadogo zake wanachungulia kwa nyuma. Kijana anapeleka mkono kwenye kofia moja, anaurudisha, anacheka, kisha anaivaa nyingine. Ukumbi mzima unaruka. Chini ya video mtu keshaandika: "Dogo kasajiliwa kwa mamilioni ya dola, hata sekondari hajamaliza."

Sentensi hiyo imekosea karibu kila neno. Siku ya kofia kijana hajasajiliwa popote, kwa sababu hajasaini kitu. Chuo alichokitaja hakijaanza kumlipa, na hakitamlipa mpaka awe mwanafunzi wake. Hata kwamba atakwenda huko ni suala la kusubiri kuona: wapo wengi waliovaa kofia moja Juni na kusaini kwingine Desemba.

Tunachanganyikiwa kwa sababu tunaitazama habari hii kwa macho ya dirisha la usajili la Ligi Kuu. Klabu inamtaka mchezaji, inazungumza na klabu yake, dau linakubalika, mchezaji anapigwa picha na jezi mpya, kazi imekwisha. Kwa Wamarekani hakuna klabu inayommiliki kijana huyu. Hakuna ada ya uhamisho, na shule yake ya sekondari haiambulii kitu. Picha ya jezi nayo hupigwa mwanzoni kabisa, wakati mwingine kwenye vyuo kumi tofauti. Kwa hiyo ukiiona habari ya namna hii, jiulize kwanza: ni karatasi gani imeshasainiwa mpaka leo? Jibu la swali hilo ndilo linalobadilika mwezi hadi mwezi, na ndilo makala hii inalifuata.

Mtu wa mstari ni nani

Futiboli ya Kimarekani huchezwa na watu 11 kila upande. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita 9 na ushee. Ikifaulu inapewa mengine manne. Isipofaulu, mpira unakwenda kwa wenzao. Anayeongoza mashambulizi ni kwotabeki, yule anayerusha mpira, na ndiye utakayemwona kwenye matangazo ya biashara. Mbele yake hupangwa majitu matano: mmoja wa katikati anayempa mpira kwa kuupitisha katikati ya miguu yake, wawili wa ubavuni kwake, na wawili wa pembeni kabisa. Hao ndio mstari wa mbele. Kazi yao ni kuzuia. Hawarushi mpira, na kwa kawaida kanuni haziwaruhusu hata kuudaka ukirushwa kwenda mbele. Mchezo unaweza kwisha mtangazaji hajataja jina la hata mmoja wao, isipokuwa kama kuna aliyeboronga.

Sasa kwa nini vyuo vikubwa vigombanie mtu asiyetajwa? Mtazame yule wa pembeni kushoto. Makwotabeki wengi hurusha kwa mkono wa kulia, na mtu anayerusha kwa mkono wa kulia hugeuza mwili, upande wa kushoto ukabaki mgongoni kwake. Anayekuja kutokea huko hamwoni. Na anayekuja si mtu wa mchezo: ana kilo 115 au zaidi, anakimbia kama mtu wa mbio fupi, na anahitaji chini ya sekunde tatu kumfikia. Mlinzi wa pembeni ndiye ukuta pekee uliobaki.

Kwa hiyo anatakiwa mtu wa karibu mita mbili na kilo 140, mwenye mikono mirefu, lakini anayeweza kurudi kinyumenyume kwa hatua fupi za haraka, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, bila kuvuka mguu mmoja juu ya mwingine. Ukiwaona makocha wakiangalia video ya kijana wa aina hii, utashangaa wanavyoipuuza ile sehemu anayomwangusha mpinzani chali, sehemu ambayo baba yake ndiyo aliyoiweka mwanzo kabisa. Wao wanarudisha nyuma, wanasimamisha picha, wanaangalia kisigino. Je, mguu wa nje ulitua kabla ya mgongano au baada? Nyonga zilifunguka mapema? Wengine huomba video za kikapu, za mieleka au za kurusha tufe, kwa sababu huko ndiko miguu ya mtu mkubwa inakosema ukweli.

Jackson Cantwell, mmoja wa walinzi wa pembeni waliowaniwa zaidi katika kundi lililomaliza sekondari 2026, ni mrushaji tufe wa kiwango cha juu kutoka mji wa Nixa, Missouri. Baba yake, Christian Cantwell, alichukua medali ya fedha ya tufe kwenye Olimpiki ya Beijing 2008 na ubingwa wa dunia 2009. Mei 2025 kijana huyo alitangaza kuchagua Miami, akaziacha Georgia na nyingine kubwa zikisononeka.

Watu wa umbo hilo wenye miguu ya namna hiyo ni wachache mno, na uchache wao unaonekana kwenye malipo ya ligi ya kulipwa, NFL. Mwaka 2024 Penei Sewell wa Detroit alipewa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 112. Miezi michache baadaye Tristan Wirfs wa Tampa Bay akapewa wa miaka mitano unaozidi dola milioni 140. Wote ni walinzi wa pembeni.

Kwa nini lazima apitie chuo

Mzoefu wa soka atauliza: kwa nini NFL isimchukue moja kwa moja ikamlea kwenye akademi yake? Kwa sababu timu za NFL hazina akademi za kulea vijana kama klabu za soka, na kanuni za ligi hazimruhusu mchezaji kuingia mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari. Mchezaji mmoja wa Ohio State, Maurice Clarett, alikwenda mahakamani kuipinga kanuni hiyo, na mwaka 2004 mahakama ya rufaa ikaikatalia hoja yake. Miaka hiyo mitatu lazima mtu akae mahali, na mahali penyewe karibu siku zote ni chuo kikuu.

Usidhani chuo kikuu hapa maana yake ni bonanza la wanafunzi. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan una viti 107,601. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, unachukua 60,000. Vyuo hivi vimejipanga kwenye miungano, mikubwa zaidi ikiwa SEC na Big Ten, na miungano hiyo huuza haki za televisheni kwa mabilioni. Kwenye majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote, kumzidi gavana, ni kocha wa futiboli au wa kikapu wa chuo kikuu cha jimbo. Kocha wa namna hiyo akipoteza mechi nne mfululizo watu huanza kumtafutia mrithi, na anajua kwamba kwotabeki wake wa thamani hana maana kama kila mara yuko chini.

Nyota tano nani kampa?

Utasikia kijana ni "wa nyota tano". Nyota hizo hazitolewi na serikali, wala na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo tangu 1906. Hutolewa na kampuni za habari kama 247Sports, Rivals na ESPN, ambazo biashara yake ni kuwauzia mashabiki habari za kila siku kuhusu vijana hawa. Wachezaji wa futiboli wa sekondari nchini Marekani ni zaidi ya milioni moja. 247Sports hutoa nyota tano kwa vijana wapatao 32 tu kila mwaka, kwa hesabu kwamba raundi ya kwanza ya uteuzi wa NFL, zoezi la kila mwaka ambalo timu hupokezana kuchagua wachezaji wapya, huwa na nafasi 32. Kwa maneno mengine, nyota tano ni utabiri wa mtu wa habari kwamba kijana huyu miaka mitatu minne ijayo atachaguliwa mapema.

Kwenye mstari wa mbele utabiri huu hukosea kwa kishindo. Kijana wa miaka 17 mifupa yake bado inakua. Aliye na kilo 105 leo anaweza kufika 140 bila kupoteza wepesi, na aliye na 150 tayari huenda asiongezeke chochote isipokuwa tumbo. Eric Fisher alimaliza sekondari Michigan akiwa na nyota mbili, vyuo vikubwa vikampita, akaenda Central Michigan. Mwaka 2013 alichaguliwa wa kwanza kabisa na Kansas City, mbele ya kila mtu nchini. Jason Kelce aliingia Chuo Kikuu cha Cincinnati bila skolashipu, na hata hakuwa mchezaji wa mstari. Alipostaafu Machi 2024 alikuwa anahesabiwa miongoni mwa walinzi bora wa katikati waliowahi kucheza.

Hata aliye na nyota zote kwa kawaida hukaa benchi mwaka wa kwanza. Kwotabeki au mkimbiaji anaweza kung'ara akiwa na miaka 18. Mtu wa mstari anakutana na watu wa miaka 22 walionyanyua vyuma miaka minne. Ndiyo maana yule mmoja anayeweza kuanza siku ya kwanza anagombaniwa kwa nguvu isiyo ya kawaida.

Kutoka ofa hadi saini

Sekondari ya Marekani ni miaka minne. Makocha wanaruhusiwa kumwandikia kijana moja kwa moja kuanzia Septemba 1 ya mwaka wake wa tatu. Kabla ya hapo hupitia kwa kocha wake wa shule, au humwomba yeye ndiye apige. Anayemwandikia kila asubuhi si kocha mkuu, ni kocha wa mstari, na ujumbe wenyewe ukiuona hauhusu mpira sana: mtihani wa jana ulikuwaje, bibi anaendeleaje, mbwa wenu kapona? Makocha wazuri humjua mama kabla ya kumjua baba.

Kisha huja ofa. Habari zikisema kijana "ana ofa 35", wasomaji wengi huelewa kwamba ana mikataba 35 ya kuchagua. Ofa ni maneno tu. Chuo kimoja kinaweza kutoa ofa kwa vijana zaidi ya mia moja huku kikitarajia kusaini 25 hivi. Ofa nyingine kijana akizikubali leo anapokewa. Nyingine akizikubali anaambiwa, "tunafurahi sana, ila tusubiri kidogo," yaani yuko mtu mwingine wanayemsikilizia. Barua rasmi haiwezi kutolewa mpaka Agosti 1 ya mwaka wake wa mwisho wa sekondari. Mzazi mwerevu ana swali moja kwa kocha: mwanangu akisema ndiyo sasa hivi, nafasi yake ipo? Kocha akianza kuzunguka, jibu limepatikana.

Kuanzia Aprili ya mwaka wa tatu zinaanza ziara rasmi, ambazo gharama zake hulipwa na chuo. Hapo ndipo kijana na wazazi wake wanapolala hoteli, wanakula nyama ya kuchoma mpaka mezani hapana nafasi, wanaingizwa uwanjani taa zote zikiwashwa kwa ajili yao, na kijana anavalishwa jezi yenye jina lake kupigwa picha. Zamani ziara hizi zilikuwa tano tu kwa jumla. Tangu 2023 kijana anaweza kwenda vyuo vingi apendavyo, ila kila chuo mara moja, isipokuwa kocha mkuu akibadilika. Nyingi huangukia Juni, ndiyo sababu matangazo ya kofia humiminika kipindi hicho.

Tangazo la kofia lenyewe ni ahadi ya mdomo. Aliyewahi kupokea washenga nyumbani hahitaji kufundishwa hapa. Barua za posa zinaweza kuja tano. Kumwambia mmoja "tumekubali" ni jambo zito na wengine wengi wataondoka kwa heshima, lakini akdi bado haijafungwa, na mshenga mkaidi ataendelea kupita mtaani kwenu mpaka siku yenyewe. Kanuni za NCAA hazimzuii kocha mwingine kuendelea kumbembeleza kijana aliyekwisha kutoa ahadi. Wala hazikizuii chuo kilichoahidiwa kumwambia kijana mwezi wa Novemba kwamba nafasi imejaa. Mlango huo una pande mbili, na vyombo vya habari hupenda kuonyesha upande mmoja tu, ule wa "kijana msaliti".

Kinachofunga ni saini. Kwa miongo kadhaa siku kubwa ilikuwa Jumatano ya kwanza ya Februari. Mwaka 2017 kikaongezwa kipindi cha mapema cha Desemba, na siku hizi wengi humalizana hapo. Baadhi yao humaliza sekondari nusu mwaka mapema na Januari wako chuoni. Kuanzia 1964 karatasi iliyosainiwa ilikuwa barua ya taifa ya kusudio, ambayo ilimfunga kijana kwa chuo, si kwa kocha. Kocha aliyekubembeleza miaka miwili akihama wiki inayofuata, wewe unabaki. Barua hiyo ilifutwa Oktoba 2024. Sasa kijana husaini makubaliano ya ufadhili wa masomo, na akishasaini vyuo vingine vinatakiwa kumwacha.

Kadyn Proctor, mara nne

Hakuna kisa kinachoonyesha tofauti ya ahadi na karatasi kama cha Kadyn Proctor. Alisoma Southeast Polk, sekondari iliyo nje kidogo ya Des Moines, mji mkuu wa Iowa. Mita mbili na kidogo, kilo 150 hivi, nyota tano, kwenye orodha nyingi mlinzi wa pembeni wa kwanza nchini kwa kundi la 2023. Juni 2022 aliahidi kwenda Chuo Kikuu cha Iowa, mwendo wa saa mbili tu kwa gari kutoka kwao. Iowa ilikuwa na kila sababu ya kujivuna: kocha wake mkuu, Kirk Ferentz, mwenyewe alianzia hapo kama kocha wa mstari, na chuo kimejijengea jina kwa kutoa watu wa mstari. Yule Wirfs niliyemtaja alitokea huko.

Alabama haikuondoka. Ilikuwa chini ya Nick Saban, mwenye ubingwa wa taifa mara saba. Desemba 2022, siku ya kusaini ikigonga mlango, Proctor akabadilisha ahadi, akasaini Alabama. Iowa ililia, lakini haikuwa na karatasi.

Akaanza mlinzi wa kushoto mwaka wake wa kwanza, jambo adimu kama nilivyoeleza. Januari 1, 2024 Alabama ikafungwa na Michigan kwenye mechi ya Rose Bowl, na siku tisa baadaye Saban akatangaza kustaafu. Proctor akaingia kwenye orodha ya uhamisho na kurudi nyumbani Iowa. Safari hii hakutoa ahadi tu, alijiandikisha. Machi akatangaza anarudi Alabama, na akarudi kweli, akacheza huko.

Hilo liliwezekana kwa sababu ya orodha ya uhamisho iliyoanzishwa Oktoba 2018, mfumo wa kompyuta ambao mchezaji huingiza jina lake na vyuo vingine vikapata ruhusa ya kuzungumza naye. Mwanzoni mchezaji wa futiboli aliyehama chuo alikaa nje mwaka mzima. Mwaka 2021 akaruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu, na Aprili 2024 kikomo kikaondolewa, mradi awe anafaulu masomo. Kwa hiyo hata saini ya Desemba siku hizi uzito wake umepungua. Chuo kinachompata kijana bora kinajua kitaanza kumbembeleza upya kila msimu ukiisha. Kwa maoni yangu haya ndiyo mabadiliko makubwa kuliko fedha, ingawa fedha ndizo zinazopigiwa kelele.

Na hayo mamilioni?

Kwa karibu karne nzima kumlipa mchezaji wa chuo kulikuwa kosa. Alistahili ada, chumba, chakula na vitabu, basi. Chuo Kikuu cha Southern Methodist cha Dallas kilinyimwa msimu mzima wa 1987 kwa sababu matajiri wake walikuwa wanawalipa wachezaji kwa siri. Reggie Bush wa Southern California alirudisha Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, mwaka 2010 kwa sababu ya manufaa ambayo yeye na familia yake walipokea alipokuwa mwanafunzi. Alirudishiwa Aprili 2024, wakati mambo hayohayo yalikuwa yanafanyika hadharani.

Katikati hapo mahakama ziliingia. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa, iliamua dhidi ya NCAA kwenye kesi ya Alston. Watu wengi husema uamuzi huo uliruhusu mishahara. Haukuruhusu; ulihusu manufaa yanayofungamana na elimu. Lakini uliitia NCAA hofu, na siku chache baadaye, Julai 1, 2021, ikaruhusu wachezaji kujipatia fedha kwa jina, sura na umaarufu wao, mpango unaojulikana kwa herufi NIL. Aliyelipa si chuo, bali mfanyabiashara: tangazo la duka la magari, mkataba wa viatu. Mara matajiri wapenzi wa vyuo wakaunda mifuko ya kuchangisha, na "tangazo" la dola laki kadhaa likawa picha mbili Instagram. Kila mtu alielewa ni nini.

Juni 6, 2025 jaji Claudia Wilken wa California akaidhinisha suluhu ya kesi ya wachezaji dhidi ya NCAA, ijulikanayo kama kesi ya House. NCAA na miungano mikubwa walikubali kulipa dola bilioni 2.8 kwa wachezaji wa miaka iliyopita, na kuanzia Julai 1, 2025 vyuo vilivyojiunga na suluhu hiyo vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kikomo cha mwaka wa kwanza, 2025–26, kiliwekwa dola milioni 20.5 hivi kwa chuo, kwa michezo yote, futiboli ikichukua sehemu kubwa. Mikataba ya nje inayozidi dola 600 inapaswa kuripotiwa na kukaguliwa kama ni biashara ya kweli. Kikomo cha zamani cha skolashipu 85 za futiboli kikaondolewa, badala yake kikosi kisizidi watu 105.

Weka hesabu hiyo pembeni mwa ile sentensi ya WhatsApp. Ikiwa chuo kina milioni 20.5 kwa wanariadha wake wote, hakiwezi kumpa kila kijana wa nyota nne mamilioni. Wapo wachache mno wanaopata kiasi kikubwa, na mlinzi wa pembeni wa kushoto ni miongoni mwa nafasi chache zinazolipwa vizuri baada ya kwotabeki. Tarakimu utakazosoma zitazame kwa jicho moja: mikataba yenyewe kwa kawaida haichapishwi, na anayevujisha namba mara nyingi ni mtu anayefaidika ikionekana kubwa. Namba hiyohiyo huwa ni ya miaka mitatu, yenye masharti, na kodi bado. Wachezaji hawa hawahesabiwi kama waajiriwa, hivyo hakuna anayewakata kodi kabla. Barua ya mamlaka ya mapato huwakuta wameshanunua gari.

Skolashipu nayo ina uzushi wake, kwamba ukiipata umemaliza miaka minne. Kwa miaka mingi ilikuwa ya mwaka mmoja, ikihuishwa kwa hiari ya chuo. Mwaka 2012 vyuo viliruhusiwa kutoa ya miaka kadhaa, na 2015 miungano mikubwa ilipiga marufuku kuifuta kwa sababu tu mchezaji hachezi vizuri. Nje ya miungano hiyo, soma karatasi yako.

Inatuhusu vipi

Zaidi ya inavyodhaniwa. Des Moines anakotoka Proctor, na Iowa City ambako chuo chenyewe kipo, kuna familia nyingi za Wakongo na Warundi wanaozungumza Kiswahili nyumbani. Texas, Ohio, Minnesota na Kentucky vilevile. Mtoto aliyefika akiwa na miaka minane leo ana kumi na sita na viatu namba 49, na kocha wa shule keshampigia baba simu mara mbili. Mzazi huyo anahitaji kujua jambo ambalo makocha hulitaja mwisho: NCAA inataka masomo 16 ya msingi katika sekondari, na wastani wa alama wa angalau 2.3 kwenye kipimo cha 4. Sharti la mitihani ya taifa ya kuingilia chuo liliondolewa 2023, lakini masomo 16 yapo palepale, na kijana aliyewekwa kwenye madarasa ya Kiingereza cha wageni miaka miwili anaweza kufika mwaka wa mwisho ana kilo zote na masomo pungufu. Hesabu hiyo hufanywa mwaka wa kwanza wa sekondari.

Kwa walioko nyumbani, njia ya futiboli ni nyembamba. Daniel Adongo, Mkenya wa raga, alisainiwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupita chuo chochote cha Marekani. Jordan Mailata, Mwaustralia wa raga, alichaguliwa na Philadelphia 2018 kupitia mpango wa NFL wa wachezaji wa kimataifa, akawa mlinzi wa pembeni kushoto wa timu iliyotwaa Super Bowl, fainali ya NFL, Februari 2025. NFL ilifanya kambi ya vipaji Nairobi mwaka 2023, ikiongozwa na Osi Umenyiora, bingwa mara mbili akiwa New York Giants. Lakini hao ni wa kuhesabu kwa vidole.

Vyuo vya Marekani tunavijua zaidi kwa njia ya riadha, na tangu zamani. Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Suleiman Nyambui alikuwa mwanafunzi wa Texas huko El Paso alipoiletea Tanzania medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow 1980. Wakimbiaji wa Kenya bado wanasakwa kwa simu na ofa zilezile za mdomo, chini ya NCAA ileile.

Tofauti iko kwenye viza. Anayekwenda kusoma kwa viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, amewekewa mipaka mikali ya kufanya kazi, na fedha za NIL au mgawo wa chuo zinaweza kuhesabiwa kuwa malipo ya kazi. Mtoto wa mkimbizi mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kuzipokea bila tatizo. Mkimbiaji aliyetoka Iten mwaka jana, akiwa chuo hichohicho na jezi ya rangi ileile, anaweza kupoteza viza kwa kusaini tangazo la viatu. Kabla hajasaini chochote aende ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo na mwanasheria wa uhamiaji, si kwa kocha. Kocha anaweza kumwambia kwa nia njema kabisa kwamba wenzake wote wamesaini.